Tetemeko moja lisihesabiwe mara tatu

Watu wa Pwani wanaukumbuka usiku wa Agosti 12, 2020. Tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilipiga baharini, si mbali na Dar es Salaam, likasikika Zanzibar na Mombasa, na wakaazi wa ghorofa wakateremka barabarani.

Sasa liandike daftarini. Mitambo ya kupima mitetemo imeandika 17:13, maana inafuata saa ya dunia. Gazeti la Kiingereza litasema 20:13. Bibi wa Kisauni atakwambia saa mbili usiku. Asiyejua saa zetu akiyakusanya hayo yote, anaweza kupata matetemeko matatu, moja likiwa la saa nane usiku, wakati wote tumelala.

Kusafisha makosa ya aina hiyo ni kazi kubwa. Shirika la GEM la Italia, pamoja na mtandao wa AfricaArray, lilitoa mwaka 2017 tathmini ya hatari katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Kwanza ilibidi orodha nyingi ziunganishwe, yaliyoandikwa mara mbili yafutwe, na yote yageuzwe kuwa kipimo kimoja. Kipimo cha Richter ni cha 1935. Kinachotegemewa leo kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Tofauti ya 0.2 tu ni nishati maradufu, kwa hivyo kuchanganya vipimo si jambo dogo.

Tazama Kakamega. Mji wenyewe ni mtulivu, lakini mashariki yake iko Subukia, palipotokea Januari 6, 1928 tetemeko la 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Kenya. Magharibi kuna Toro, Uganda, ambako zaidi ya watu 150 walikufa Machi 20, 1966, na Kagera, Tanzania, iliyotikiswa kwa 5.9 Septemba 10, 2016. Orodha inayoishia mpakani inaidanganya Kakamega. Inatudanganya na sisi pia: lile la 2020 halikuanzia Kenya.

Na orodha hiyo ndiyo inayomwambia injinia nguzo iwe nene kiasi gani. Mwongozo wa Kenya wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko uliotolewa 1973 uliandikwa kabla ya kipimo cha leo kuwapo. Ghorofa zilizopanda tangu hapo, Nyali na hata Kakamega mjini, sote tunaziona.

Mitambo ni ghali, lakini si kila kitu ni mitambo. Tetemeko la Rukwa la 1910, la 7.4, lilichunguzwa upya miongo mingi baadaye na Nicholas Ambraseys kutokana na maandishi ya zama zile. Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, chenye skuli nzima ya masuala ya majanga. Kwa maoni yangu, hao ndio wa kuanza, na vyuo vya Pwani viwafuate. Waliokuwa watu wazima 1928 wameshatutoka. Wa 1966 bado wako, na maswali ni mepesi: ulihisi chochote? Vyombo vilianguka? Ukuta ulipasuka? Ilikuwa saa ngapi, na kwa saa ya nani?