Msimwambie Ajihurumie Kabla Hamjaacha Kumtukana

Tarehe 2 Aprili dunia inaadhimisha siku ya usonji. Kila mwaka naona picha zilezile kwenye simu: watoto, watoto, watoto. Mimi nauliza swali moja tu: wale watoto wakikua wanaenda wapi?

Mimi ni kijana wa Kivu, naishi Kimironko, nafanya kazi na vijana wakimbizi hapa Kigali. Sina diploma ya saikolojia, nilimaliza sekondari basi. Lakini nawajua watu wazima wenye usonji, na nina hasira. Naiandika hapa kwenu nyinyi wa Kiziba, Mahama, Nyabiheke na kwingine, na kwenu nyinyi mnaovaa vizibao vya mashirika. Msinune. Na mimi mwenyewe nimo humu ndani.

Kuna kaka mmoja wa miaka 29. Jina lake sitaliandika. Kazi yake ni kutengeneza vyerehani vya mafundi wanaoshona vitenge pale soko la Kimironko. Cherehani ikigoma, wanamtafuta yeye. Lakini kelele za soko zinamchoma masikio, macho yake hayakai kwenye macho ya mtu, na ukimuuliza jambo anajibu ulichouliza, si ulichotaka kuuliza. Siku moja alikaa mbele ya ofisa, akaulizwa: "Ulikuja Rwanda namna gani?" Akajibu: "Kwa miguu, halafu kwa basi." Ofisa akaona anafanyiwa mzaha. Akamwambia amwangalie machoni kama hana cha kuficha. Usiku ule kaka hakula.

Huyu kaka ana daftari. Mwaka jana alinionyesha. Upande wa kushoto anaandika maneno ya kusema: ukisalimiwa hivi, jibu hivi. Upande wa kulia anaandika makosa yake ya siku. Nilisoma ukurasa mmoja. Mjinga. Bubu. Iko na bazimu. Umusazi. Mpelekeni Ndera. (Ndera kuna hospitali ya wagonjwa wa akili, na sisi jina la mahali pa kutibia watu tumeligeuza tusi.) Mwanaume muzima anaziba masikio sawa mutoto.

Kilichonishtua ni kwamba hakuna hata neno moja alilolitunga yeye. Yalikuwa ya wajomba, ya mwalimu, ya majirani kwenye foleni ya maji. Na moja lilikuwa langu: "Weye kazi yako kuharibu kikundi." Nilimwambia hivyo siku alipotoka katikati ya mchezo wa vijana. Mimi nilisahau kesho yake. Yeye aliandika.

Sasa mashirika yanaleta somo la kujihurumia. Tunakaa kwenye duara, tunafunga macho, tunaambiwa tujisemeshe kwa upole. Nataka nieleweke vizuri: somo lenyewe silipingi. Mtu aliyelifanyia utafiti sana anaitwa Kristin Neff, mwalimu wa chuo kikuu kule Texas, Marekani. Tangu 2003 anaandika kwamba kujihurumia kuna sehemu tatu: kuwa mpole kwako mwenyewe ukishindwa, kukumbuka kwamba kushindwa ni kwa binadamu wote, na kuliona umivu lako kama lilivyo bila kulikuza na bila kulificha. Mama huyo mwenyewe ana mtoto mwenye usonji. Na kule Australia mtafiti Ru Ying Cai na wenzake waliwauliza watu wazima wenye usonji, wakakuta wanajihurumia kidogo kuliko watu wengine, na kwamba wale wanaojihurumia zaidi wana nafuu kidogo ya huzuni na wasiwasi.

Kwa hiyo dawa ipo. Ninachopinga ni namna mbili za kuiharibu.

Ya kwanza ni ya kwetu sisi wakimbizi. Tunasema: kujihurumia ni uvivu, ni mambo ya Wazungu walioshiba. Sisi tulivuka mipaka kwa kuvumilia, na ukilia hapa utasikia neno moja tu: mwihangane. Pia kwetu "huruma" ni neno lenye sura ya mtu anayenyoosha mkono. Nani anataka kujiombaomba mwenyewe? Lakini angalieni vizuri. Kujihurumia siyo kukaa chini useme "maskini mimi". Ni kujitendea kama unavyomtendea mgeni aliyefika kwako amechoka: kwanza akae, anywe maji, maswali baadaye. Hiyo ni adabu yetu ya siku zote. Kinachokosekana ni kuielekeza ndani.

Halafu acheni kusema usonji ni pepo, au ni vita. Mtu anazaliwa nao na anazeeka nao. Akili yake inapokea sauti, mwanga na maneno kwa njia nyingine. Vita viliongeza mzigo juu yake kama vilivyotuongezea sisi sote, lakini si vita vilivyomfanya alivyo. Kwa mkimbizi kila kitu kinaitwa troma, na ndiyo maana watu kama kaka huyu wanafika miaka 29 bila mtu yeyote kuwaambia wana nini. Yeye alilisikia neno usonji mara ya kwanza kwenye redio.

Namna ya pili ya kuiharibu ni ya mashirika. Mnamfundisha mtu ajisemeshe kwa upole, halafu mnamrudisha kwenye foleni ya masaa sita, juani, kipaza sauti sikioni, aitwe kwa kupigiwa kelele, na asipoitika haraka jina linapita. Mnataka yeye ajihurumie ili nyinyi msibadilishe chochote. Huko ni kumwosha mtu miguu na kumrudisha kwenye matope.

Zoezi lenyewe nalo mnalileta kama mlivyolipokea. Kuna lile linalosema: fikiria ungemwambia nini rafiki yako akikosea. Nililifanya na kaka. Akafikiri muda mrefu, akajibu: "Mimi sina rafiki." Hakuwa analalamika, alikuwa anajibu swali. Mimi sikuwa na la kusema.

Tulikaa kimya. Baadaye yeye mwenyewe akauliza kama anaweza kutumia cherehani badala ya rafiki. Nikamwambia jaribu. Akasema: "Uzi ukikatika simtukani cherehani. Naangalia sindano, naangalia uzi umekazwa namna gani, naangalia mafuta. Kuna kitu kimekaa vibaya, natafuta." Nikamuuliza: na wewe uzi ukikatika? Akacheka, mara ya kwanza nilimwona anacheka mbele yangu.

Tangu siku hiyo upande wa kulia wa daftari umebadilika. Ameniruhusu ninakili ukurasa mmoja: "Leo nimetoka kwenye mkutano wa umuganda kabla haujaisha. Kipaza sauti kilikuwa karibu. Mwezi ujao nitakaa nyuma." Basi. Hakuna mjinga, hakuna bubu. Kilichotokea, kilicholemea, cha kufanya kesho. Siku nyingine matusi yanarudi, sitawadanganya. Sauti ya miaka 29 haiondoki kwa daftari moja.

Na wale wanaosema mtu mzima mwenye usonji hana maisha, nawapa mfano mmoja. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika juu ya watoto 11. Wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Triplett alifanya kazi benki, akacheza gofu, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Ndiyo, familia yake ilikuwa na pesa, na sisi hatuna. Lakini pesa peke yake haikumfikisha miaka 89 kwa amani. Watu wa mji wake walimzoea alivyo, hawakumfanya kichekesho. Hilo sisi tunaliweza bila bajeti ya mtu.

Basi nasema wazi ninachotaka.

Wa mashirika: mpeni mtu maswali kwa maandishi kabla ya mahojiano, na mkubali majibu ya maandishi. Mpeni saa yake badala ya foleni. Mtu asiyewaangalia machoni msimhesabu kuwa mwongo. Kwenye vikundi vyenu, anayetaka kukaa mlangoni na kusikiliza tu aruhusiwe, na ahesabiwe amehudhuria. Na kwenye fomu zenu, usonji usiishie kwenye ukurasa wa watoto.

Wazazi, wajomba, mama zetu: nawaheshimu, mlitubeba mgongoni. Lakini kabla hamjamwambia "jikaze", jueni kwamba anajikaza tangu asubuhi. Kuvaa uso wa watu wengine siku nzima kunachosha kuliko kubeba magunia. Akirudi akajifungia, mwacheni apumzike, mwekeeni chakula. Na msimwite mtoto. Ana ndevu.

Vijana wenzangu, hili ni letu zaidi, juu majina ya kejeli ni sisi tunayatunga. Ukimwita mwenzako umusazi leo kwa kucheka, jua kuna daftari mahali. Kama si la karatasi, lipo kichwani. Mtu hawezi kujisemesha kwa upole kwa lugha ambayo hajawahi kusemeshwa.

Na wewe mwenye usonji unayesoma haya, labda peke yako kwenye nyumba yako huko kambini, sikwambii ujipende. Najua neno hilo ni kubwa mno kwa siku mbaya. Nakwambia tu: leo usiyarudie matusi yetu kwa sauti yako. Hayakuwa yako.

Kaka amesoma maandishi haya kabla hayajatoka. Alifuta sentensi mbili zilizomhusu, na akasahihisha moja: nilikuwa nimeandika anatengeneza vyerehani "vizuri sana". Akaniambia niandike idadi. Wiki iliyopita vilikuwa kumi na moja.