Elektroniki si kozi ya waliofeli

Kila nikisema nasoma diploma ya teknolojia ya uhandisi wa elektroniki, lazima mtu aulize: "Ulikosa C+, siyo?" Ndiyo, nilikosa. Chuo kikuu kinataka C+, diploma inataka C-, hiyo si siri. Lakini swali lenyewe ni bovu.

Angalia huku kwetu Chebunyo. Watu wakisikia Bomet wanafikiria chai tu, na sisi wa Chepalungu ni watu wa ng'ombe na mahindi zaidi. Chai iko kule juu Konoin na Kericho. Maziwa ya asubuhi yakiingia kwenye tangi la kupozea yanafaa yashuke hadi nyuzi 4 hivi. Tangi hilo lina kihisi cha joto, saketi ya kudhibiti, na swichi ya kuwasha kompresa. Stima ikipotea kisha irudi kwa nguvu, kitu kidogo kama kapasita kinaungua, na maziwa ya kijiji kizima yanaharibika. Bei ya kapasita si kitu. Shida ni nani anajua kuipima. Fundi akitoka mbali, mkulima analipa nauli kwanza, jibu baadaye.

Chai nayo, mnakumbuka Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa Kericho wakati wa maandamano. Mashine moja inafanya kazi ya mikono mingi, na hasira ile naielewa, maana shangazi zangu wamelea watoto kwa kikapu cha majani chai. Ila mashine bado zipo, na zinaharibika kama kitu chochote. Nataka anayezitengeneza awe msee wa huku. Lakini siwadanganyi: mashine ikifuta kazi za watu ishirini, haileti kazi za mafundi ishirini. Anayewaambia vijana kwamba kozi ya ufundi itaziba pengo lote hilo anawauzia hewa.

Sasa kinachoniuma mimi. TVET CDACC wametuletea mtaala wa umilisi, yaani unapimwa kwa unachoweza kufanya, siyo ulichokariri. Poa kabisa. Halafu unaingia darasani unapata multimita tatu, wanafunzi zaidi ya thelathini, na transista zimechorwa ubaoni vizuri sana. Solda unaishika dakika tano, mwenzako anakugonga bega. Umilisi gani huo? Watu wakilia kuhusu karo mimi nalia nao, lakini afadhali mtu aanze kulia kuhusu maabara pia, manze.

Kwa sasa najisaidia na vitu vilivyokufa. Redio mbovu ya sokoni, chaja, taa ya sola iliyotupwa: nafungua, napima, naunguza vidole, najifunza. Nusu huwa ni waya uliokatika tu. Kama kwenu kuna wufa iliyonyamaza, usimpe mtu wa chuma chakavu. Niandikie, nitaifuata hata kwa bodaboda.