NEMBO YA MAKUMBUSHO NI YA NANI?

Tangu miaka ya 1960, Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kimewaonyesha wananchi nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Mahali kama hapo nembo si pambo tu, ni kauli. Mchoraji akiweka ngao na mkuki, amwambia mgeni kwamba wazee wetu walijua vita tu. Naye mkulima wa Nyamwage, ajuaye dungu la kulindia mpunga bondeni mwa Rufiji na mkeka wa ukindu, hajioni. Tena nembo ya kabila moja yayatenga mengine. Basi na ichorwe kazi ya mikono, ambayo kila kabila linayo. Jina liandikwe kwanza kwa Kiswahili. Na wasuka mikeka waulizwe, tena walipwe, kabla nakshi zao hazijachukuliwa.