Kisu Mwalipa, Ala Mwaomba

Haya wanangu, leo nimekuja moto, na mwenye kukereka akereke.

Kila nikipakia video ya kisu kipya, ujumbe unaoingia ni ule ule, jina la mtumaji tu ndilo linalobadilika. "Buda, hicho kisu kimeweza. Elfu moja mia tano hakuna noma. Ala sasa utanitupia tu juu, si ndio?"

Utanitupia. Kama mfupa. Kana kwamba ala hujishona yenyewe usiku mimi nikiwa nimelala.

Msimamo wangu ni huu: ala si zawadi ya kisu. Ala ni kazi na ina bei yake. Na fundi anayekuuzia kisu kikali bila ala, au na ala ya kudanganyia, amekuuzia hatari, hata kama mpini unang'aa vipi.

Kwa wageni: mimi niko Gazi, ile barabara ya Lunga Lunga, ukishapita Ukunda na kabla hujafika Msambweni. Chuo niliacha mwaka wa pili, na wale wa "uliacha masomo ukashone ngozi?" jibu lao ni ndiyo, nilienda kushona ngozi, na kodi inalipwa. Visu vyenyewe hufuliwa na mhunzi mmoja mtu mzima, kwa springi za malori yaliyokufa. Yeye anapiga chuma, mimi nakivisha. Wateja wakija wanamsifu yeye (na anastahili), kisha mimi naulizwa kama kale kangozi kanakuja bure.

Sikizeni basi hako kangozi kanavyotengenezwa.

Kwanza ngozi yenyewe. Ngozi nyingi za mikoba na viatu husindikwa kwa chumvi za kromiamu. Ni laini, yapendeza mkononi, lakini haishiki umbo, na unyevu ukiingia yaweza kukipa kisu kutu. Ala yataka ngozi nene ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome ya miti. Ndiyo ngumu, ndiyo ukiilowesha inakubali umbo la kisu na ikikauka haliachi. Kuipata ni kazi, na ni ghali.

Pili, kuna kitu ambacho hakionekani. Kati ya zile pande mbili za ngozi, kwenye mshono, napitisha ukanda wa tatu wa ngozi kufuata makali ya kisu. Kazi yake ni moja: kisu kikiingia, makali yakutane na ngozi, yasikutane na uzi. Bila ukanda huo, kila ukirudisha kisu unakata uzi kidogo kidogo. Siku moja mshono unaachia, na makali yanatokea upande wa paja lako. Hizo ala nyembamba za mapambo zinazouzwa kwa watalii ufukweni, nyingi zimebandikwa gundi tu, ukanda hamna. Fungua moja uone.

Tatu, mshono. Uzi mmoja, sindano mbili, kila tundu linapitwa mara mbili, moja kutoka kila upande. Ushonaji wa cherehani ukikatika mahali pamoja hufumuka wote. Huu ukikatika mahali pamoja, pengine panashikilia. Kisha naloweka ngozi, nafunga kisu kwa plastiki nakiingiza, naikandamiza kwa vidole hadi ichukue umbo, na kuiacha ikauke kivulini. Ukiianika juani inakakamaa na kupasuka. Mwisho nta ya nyuki.

Saa tano za mkono, mbali na kukauka. Nauza mia nane. Ngozi, uzi na nta vinakula kama mia tatu na hamsini. Kilichobaki gawanya kwa saa tano. Ni shilingi tisini kwa saa. Bado mwaniona mwizi?

Tena hapo nimesema ala ya ngozi tu. Mvuvi akija simuuzii ngozi, hata akiitaka. Ngozi hunywa maji ya chumvi, na chuma cha springi kinashika makali vizuri lakini kutu hakikawii, hasa huku kwetu ambako hata upepo una chumvi. Yeye namtengenezea ya paipu ya plastiki: naipasha moto hadi ilegee, naikandamiza juu ya kisu kati ya mbao mbili, kisha natoboa tundu chini maji yatoke. Kazi hiyo ifanyie nje, moshi wake ni sumu. Yaani ala hufikiriwa kwa kazi ya mtu. Muulize mgema anayepanda mnazi na kotama kiunoni, mikono yote miwili imeshika mti. Mwambie ala ni urembo usikie atakujibu nini.

Na hata tukisema urembo, ni nani aliyewaambia urembo ni wa bure? Sisi wa Pwani tunajua. Bwana harusi akitoka na kanzu, joho na jambia kiunoni, ni nani amewahi kuyaona makali ya hilo jambia? Unachokiona, unachokisifu na unachokipiga picha ni ala. Tazameni bendera ya Oman, kona ya juu: jambia na panga mbili zimepishana, zote zimo ndani ya ala. Mwaka 2022 UNESCO iliuweka ufundi wa jambia la Oman kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Na Gazi hii ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui, mwenye ukoo wa huko huko Oman, aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896. Wamaasai nao, sime yao waijulia wapi? Kwenye ile ala nyekundu. Hadhi ya kisu siku zote imevaliwa nje. Ni sisi tu kizazi cha simu tuliogeuza hesabu.

Sasa wale wengine, wa "wafundisha vijana kubeba visu." Hao nawajibu kwa heshima, kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Pwani hii imeumia kwa panga. Agosti 1997 Likoni watu wengi waliuawa na maelfu wakahama makwao. Na miaka hii tumesikia ya magenge ya vijana wenye panga Mombasa, Kisauni hadi Likoni. Kuna mama anafunga kibanda mapema kwa sababu ya hayo. Sichezi na hilo hata kidogo.

Lakini angalieni yule wa genge anavyobeba. Kisu uchi, ndani ya suruali au kwenye mkono wa koti, labda kimezungushiwa gazeti. Ala haitaki, kwa sababu hana mpango wa kukirudisha. Ala maana yake kisu kina mahali pa kurudi. Mtu mwenye kisu ndani ya ala, mshipini, mbele ya watu, akienda shambani au baharini, amewaambia wote waliomwona kwamba amebeba kifaa. Ndiyo maana ala za kuficha ndani ya nguo sitengenezi, hata ulipe mara tatu. Na nyinyi mnaopiga video mkizungusha panga tupu ili mpate watazamaji, hamko tofauti sana na wale mnaodai kuwaogopa. Kisu cha kazi kinabebwa kwenda kazini. Usije ukakamatwa nacho mjini usiku ukataja jina langu.

Kitu cha mwisho, na hiki ndicho kinachoniuma zaidi kikitoka kwa mtu wa hapa hapa. Sisi wa Gazi ndio wa mwisho kuambiana kwamba kinga haina bei. Miaka ya sabini mikoko ya ghuba yetu ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za viwanda, sehemu zikabaki uchi. Wanakijiji pamoja na watafiti wa KMFRI wakapanda upya. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja: Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, na kaboni ambayo miti hiyo inaifungia inauzwa. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni ya mikoko, na 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Pesa zikaingia kwenye maji na shule.

Mkoko unafanya nini pale? Umesimama kwenye matope, kimya, unazuia bahari isitumalize. Wazungu wanalipa ili usimame. Hakuna aliyesema "si ni miti tu, tutupieni." Zamani magome yake yaliuzwa ng'ambo kusindika ngozi, ngozi kama hizi ninazoshona. Mimi siyagusi, maana mkoko ukiuchuna magome unakufa. Basi kama tumeweza kuielewesha dunia kwamba kinachokaa kimya kikizuia madhara kina thamani, twashindwaje kuelewana sisi kwa sisi kwa mia nane?

Najua maisha ni magumu. Mtu hana, namwelewa. Asiye na pesa aje Jumamosi na kipande chake cha ngozi, sindano na uzi nitamwonyesha, hiyo ndiyo ya bure. Mwenye pesa ya kisu lakini "hana" ya ala, huyo nimemzoea.

Kwa hiyo ukinunua kisu, kwangu au kwa fundi yeyote, uliza mambo matatu. Kati ya mshono kuna ukanda? Ukiigeuza ala kichwa chini na kuitikisa, kisu kinabaki? Ngozi ni ya aina gani? Akibabaika, mrudishie. Ukifika nyumbani, usikilaze kisu ndani ya ngozi miezi na miezi. Kifute, kipake mafuta, kiweke pembeni, ala ni ya safari.

Kuanzia leo kwenye ukurasa wangu bei ni mbili, zimeandikwa mbalimbali: kisu elfu moja mia tano, ala mia nane. Kisu bila ala hakitoki hapa. Ukiona ni ghali, gazeti la jana bado lipo. Lizungushie, kisha upande boda nalo.