Mcheza Kwao Hutunzwa: Barua kwa Watu wa Ufipa kutoka Chicago

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, nanyi vijana mliozaliwa nikiwa nimekwisha kuondoka, kuanzia Sumbawanga mjini hadi Namanyere, Laela, Matai na Kasanga iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nimeshika kalamu niseme nanyi juu ya jambo moja ambalo nimelitafakari kwa muda mrefu, nalo ni haki ya mwanamuziki wa Ufipa kusikika katika redio ya Ufipa, kwa sauti yake mwenyewe, saa ile ile anayopiga.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu palikuwa na redio moja ya betri, na betri zake zilipochoka zilianikwa juani zipate uhai wa jioni moja zaidi. Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo, alikuwa fundi wa malimba, na siku moja jioni alikuwa ameketi barazani kwetu akipiga wimbo ambao kila alipourudia aliugeuza, akiongeza hapa na kupunguza pale, kama mtu asimuliaye habari moja kwa wageni mbalimbali na kila mgeni akampa sehemu iliyomfaa. Mara redio ikawashwa, na bendi ya mji wa mbali ikaanza kulia. Yule mzee hakukasirika wala hakulalamika. Aliilaza malimba mapajani, akaifunika kwa viganja vyake viwili, akakaa akisikiliza kwa adabu kama mtu aliyekatizwa maneno na mkubwa wake. Hakuna aliyemwambia anyamaze, na hakuna aliyemwambia aendelee. Siku ile nilipata somo ambalo hakuna aliyekusudia kunifundisha, ya kwamba muziki wenye haki ya kusikilizwa ni ule utokao mbali, na ule wa jirani sharti ungoje hadi wa mbali uishe. Somo lile lilikuwa la uongo, nami nilikuja kulifuta moyoni mwangu ugenini tu, nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

Katikati ya mji huu wa Chicago lipo jumba lililofunguliwa mwaka 1897 likiwa maktaba ya umma, na ndani yake umo ukumbi uitwao Preston Bradley, wenye kuba kubwa la vioo vya rangi, ambamo niliingia mara ya kwanza si kwa kutafuta muziki bali kwa kukimbia baridi ya Januari, ambayo hata mtu aliyelelewa na upepo wa Ufipa wa mwezi wa Juni huiogopa. Ilikuwa Jumatano, saa sita na robo mchana. Viti vilikuwa vimejaa watu wa kila namna: vikongwe, wanafunzi, makarani waliokuja na chakula chao cha mchana mfukoni, na watu wasio na makazi ambao hakuna aliyewauliza kiingilio, kwa kuwa kiingilio hakipo. Mtangazaji alisimama kando, akamtaja kijana aliyekuwa ameketi mbele ya piano, akaeleza kwa maneno machache alikosoma na tungo atakazopiga, kisha akanyamaza. Na katika ule unyamavu nikafahamu kwamba hatukuwa peke yetu ukumbini, bali tulikuwa pamoja na wote waliofungulia redio ya WFMT majumbani, dukani na garini.

Katika wimbo wa pili kidole cha yule kijana kiliteleza. Mimi nilisikia, na bila shaka maelfu walisikia, kwa sababu sauti ikisharushwa mubashara hairudishwi. Lakini hakuna aliyecheka wala kuguna, naye hakusimama, na alipofika mwisho watu walimpigia makofi kwa furaha ya wazazi ambao mtoto wao amefaulu mtihani. Nilirudi kazini nikiwa nimechelewa, na fikira zangu zote zilikuwa juu ya yule mzee wa malimba.

Baadaye nilidadisi asili ya ada ile. Nikaambiwa kuwa ilianza mwaka 1977, na kwamba imepewa jina la Myra Hess, mpiga piano wa Kiingereza, ambaye mwaka 1939, vita vilipoanza na kumbi za muziki za London zikafungwa, na picha za thamani za Jumba la Sanaa la Taifa zikahamishwa zisiteketezwe kwa mabomu, aliomba kuta zile tupu zijazwe muziki. Kwa muda wa miaka sita na nusu watu waliingia kwa shilingi moja wakasikiliza muziki saa za chakula cha mchana, na mabomu yalipozidi waliteremka chini ya jengo wakaendelea, hata hesabu ya hadhara zile ikafikia 1,698. Nimeitaja habari hii kwa sababu huwa tunasema kwamba muziki wa namna hii ni anasa ya watu walioshiba, ilhali yule mama aliuanzisha katika siku ambazo watu wake hawakuwa na hakika ya kuiona kesho.

Wala mji huu wa Chicago haukuwapa nafasi wasomaji wa nota peke yao. Mwaka 1965 wanamuziki weusi wa mitaa ya kusini mwa Chicago, akiwamo Muhal Richard Abrams, walianzisha chama chao kiitwacho AACM, kwa sharti kwamba mwanachama atapiga muziki wa kubuni kwake mwenyewe na si wa kuazima. Na wengi wao walikuwa mabingwa wa kutunga papo kwa papo, mbele ya macho ya watu. Mmoja wa waasisi wale, Phil Cohran, alitengeneza malimba iliyounganishwa na umeme, akaipa jina kutokana na jina la mama yake. Tafakarini basi, ndugu zangu: mtu wa uzao wa watumwa, katika mji wa viwanda ng'ambo ya bahari, aliona malimba kuwa chombo cha kuheshimiwa hata akakiita kwa jina la mzazi wake, ilhali sisi wenye chombo tulikiona kikifunikwa kwa viganja, tukanyamaza.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na Wamarekani. Sivyo. Unguja, ambako kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905, mpiga udi au kanuni hupewa wasaa wa kupiga taksim, akiwa peke yake, bila kuandikiwa, akitembea ndani ya maqamu kama mtu atembeaye ndani ya nyumba aliyoizoea gizani. Na hiyo ni sanaa ya kubuni yenye kanuni na adabu zake, ambayo leo inafundishwa katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichofunguliwa mwaka 2002. Bara nako, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, mwaka ule ule ilipoanza WFMT ya Chicago. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika studio yake bendi zilizokuja kurekodi zilipiga kwa pamoja, mwimbaji, gitaa, ngoma na tarumbeta katika chumba kimoja, na ndiyo maana nyimbo zile hata leo zina joto la watu walio karibu karibu. Mwalimu Nyerere naye, siku alipohutubia kama Rais mwezi wa Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akitaka Mtanganyika aache kuona haya kwa kilicho chake. Maana yake ni kwamba njia hii ilikwisha kufyekwa na wazee wetu, nasi tumeiacha ikaota nyasi.

Sasa na tuitazame Ufipa. Tunao wanamuziki wa namna mbili, na wote wawili hawasikiki kwa kadiri wanavyostahili. Wa kwanza ni yule mpiga kinanda wa parokia, aliyejifunza nota katika seminari kama ya Kaengesa, au kwa mwalimu wa kwaya pale Kate, Chala au Mwazye. Huyu aweza kusoma tungo ya sauti nne na kuigawa kwa waimbaji wakulima waliotoka shambani jioni ile ile, na baadhi yao wakaimba besi na alto kwa usahihi wa kustaajabisha. Babu zao waliimba kwa Kilatini. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia, ukaufungulia mlango muziki wa mataifa, ngoma na kayamba zikaingia kanisani, na watunzi wetu wakajifunza kuyaoanisha mahadhi ya nyumbani na kanuni za nota. Huu ndio muziki wetu wa klasiki, na wenye nao hujulikana Jumapili tu, tena kwa migongo yao. Wa pili ni yule mpiga malimba au zeze, na yule kiongozi wa ngoma ya nsimba, ambaye hana karatasi wala hahitaji, bali hutunga kwa kumtazama mtu aliye mbele yake, akamsifu, akamwonya, akamliwaza. Huyu naye hujulikana harusini na vilabuni, na akifa huzikwa pamoja na maktaba yake yote.

Najua mtaniambia kwamba siku hizi kila kijana ana simu, na aweza kumrekodi babu yake akaweka mtandaoni. Na afanye hivyo, kwani kurekodi ni kuhifadhi, na kuhifadhi ni wajibu. Lakini kuhifadhi si kukuza. Anayetunga papo kwa papo huhitaji sikio linalomngoja wakati ule ule, kama vile mwenye kutega kitendawili anavyohitaji mtu wa kumwitikia. Ukimnyima sikio, kariha yake hukauka hata kama mkononi una rekodi mia. Na yule wa nota, akijua kwamba siku fulani, saa fulani, Rukwa nzima itamsikia na kosa lake halitafutika, atafanya mazoezi mwezi mzima ambayo vinginevyo asingeyafanya. Matangazo ya mubashara humlazimisha mwanamuziki ajitayarishe, na mtangazaji ajifunze cha kuuliza, na msikilizaji aache alichokuwa akikifanya, kwa kuwa kikipita kimepita.

Tena kupita si kupotea, nanyi mwajua hili kuliko mtu yeyote, kwa kuwa wazee wetu walikuwa wakulima wa intumba. Mgeni aliyepita shambani akaona majani mabichi yakifukiwa ndani ya vichuguu vya udongo alidhani ni kazi bure. Mwenye shamba alijua kwamba jani lililozikwa mwaka huu ndilo litakalolisha ulezi na mahindi ya msimu ujao. Wimbo uliopigwa hewani usiku mmoja ni jani la namna hiyo. Mtoto mmoja atausikia jikoni akipuliza moto, atalala nao, na baada ya miaka kumi utaota kwake ukiwa na umbo jingine.

Basi ninaloomba si kubwa. Sumbawanga ina redio zake, na jirani zetu wa Katavi wana zao. Na kituo cha redio kilichokwisha kusimama hakihitaji jengo jipya ili kitangaze muziki wa mubashara. Kinahitaji chumba kilichotulia, maikrofoni mbili au tatu zilizowekwa na fundi mwenye sikio, na mtangazaji aliyemtembelea mgeni wake kabla ya siku yenyewe, akajua jina la chombo, mti uliochongewa, na aliyemfundisha kukipiga. Ikiwa ngoma ni kubwa kuliko chumba, basi maikrofoni iifuate ngoma uwanjani, badala ya ngoma kukatwa ipate kuenea chumbani. Iwe saa moja kwa juma, siku ile ile, bila kukosa: wiki hii kwaya, wiki ijayo malimba, na wiki ya tatu waketi pamoja mpiga kinanda na mpiga malimba, kila mmoja amsikilize mwenzake. Na lugha ya Kifipa ipewe nafasi yake humo bila kuombewa radhi.

Jambo moja nalisisitiza, nalo ni malipo. Tusimwite fundi, tukamsafirisha kutoka kijijini, tukamtumia usiku mzima, kisha tukamshukuru kwa soda. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na maneno haya ni ahadi iliyowekwa kwa niaba yetu. Tusipomtunza, tumewafanya wahenga waongo. Hapa ndipo sisi tulio ughaibuni tunapohusika. Tumezoea kutuma fedha za misiba, ada za shule na mabati, nasi tutaendelea. Lakini naona ni haki tuchangie pia nauli na posho ya wanamuziki hawa, na mimi nimekwisha kuweka nadhiri ya kutoa fungu langu kila mwezi.

Mji wetu wa Sumbawanga una jina ambalo, kama wazee walivyotueleza, humwamuru aingiaye atupe uchawi wake. Nami nawasihi tutupe pamoja nao haya ile iliyotufanya tuwashe redio ya mbali juu ya kichwa cha fundi wa karibu. Yule mzee wa barazani kwetu amekwisha kufariki, na wimbo wake sikuusikia ukifika mwisho. Wapo wengine kama yeye waliobaki, tena hamwishi nao mbali. Ikipangwa kipindi kianze saa mbili usiku kwenu, huku itakuwa adhuhuri au karibu yake, nami nitaacha kazi zangu nisikilize. Nawaomba msingoje barua ya pili: mwiteni wa kwanza mwezi huu, na akianza kupiga, mwacheni amalize.

Mungu awabariki, na Ufipa idumu.

Ni mimi ndugu yenu, mzaliwa wa Ufipa,
Chicago, Marekani