Mchoraji Aliyefungua Shule Kifungoni

Juma hili nataka tuzungumze habari za mtu aliyeondolewa kwake kwa nguvu, akaachiwa kidogo zaidi ya brashi na wino wake. Jina lake ni Chiura Obata.

Obata alizaliwa mwaka 1885 katika Okayama, nchi ya Japani, akalelewa mji wa Sendai. Alianza kufundishwa kuchora kwa wino akiwa na miaka 7. Jamaa zake walitaka asome uaskari. Yeye, mtoto wa miaka 14, akatoroka kwenda Tokyo kujifunza kwa mafundi wa picha. Mwaka 1903 akavuka bahari mpaka San Francisco, Marekani. Huko akafanya kazi ya boi katika nyumba za watu, huku akijifunza.

Mwaka 1927 alikwenda milima ya Yosemite, akachora maporomoko ya maji, miti na majabali yake, na sifa zake zikaenea. Mwaka 1932 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley. Boi wa jana akawa mwalimu wa chuo kikuu! Lakini sheria za siku zile zilimkataza mtu aliyezaliwa Japani kupata uraia wa Marekani.

Desemba 1941 ndege za Japani zilipiga Pearl Harbor, na vita vikaanza. Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt akatia sahihi amri, na watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani wakahamishwa na kufungwa makambini. Wengi wao walikuwa raia, wamezaliwa Marekani. Hawakuhukumiwa kwa kosa lolote.

Obata na jamaa yake walipelekwa Tanforan, kiwanja cha mashindano ya farasi. Watu wengi walilazwa katika mazizi yenyewe, harufu ya farasi haijatoka. Hebu fikirini, ninyi wenye watoto. Shamba huna, kazi huna, watoto wanazurura mchana kutwa, na wazee wanakaa tu wakitazama seng'enge. Nani angemlaumu mtu akikaa na uchungu wake?

Obata hakukaa. Mwezi wa Mei 1942, majuma machache tu baada ya kufika, yeye na wachoraji wenzake walifungua shule ya kuchora. Waliojiandikisha walizidi 600, tangu watoto wa miaka 6 mpaka wazee waliopita 70. Rafiki zake wa chuo kikuu waliwasaidia kupata vifaa. Ndipo wazee wetu waliposema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mwezi wa Septemba wakahamishwa tena, wakapelekwa Topaz, katika jangwa la Utah, mahali pa vumbi na baridi kali. Shule ikafunguliwa upya. Yeye mwenyewe hakuacha kuchora maisha ya kambi, na kwa kuwa wafungwa walikatazwa kamera, picha zake ni ushahidi mpaka leo. Picha moja ya Topaz chini ya mbalamwezi alipewa Eleanor Roosevelt, mke wa Rais yule yule aliyetia sahihi amri.

Msidhani kwamba wote walimpenda. Mwaka 1943 serikali iliwauliza wafungwa kama watakuwa watiifu kwa Marekani, na kambi ikagawanyika. Wengine walimwona Obata kuwa mtu wa wakubwa. Usiku mmoja wa Aprili alivamiwa, akapigwa hata akalazwa hospitali. Kisha yeye na jamaa yake wakaruhusiwa kutoka, wakaenda kuishi St. Louis. Je, shule ilikufa? La. Mwenzake, George Matsusaburo Hibi, aliishika akaiendesha.

Mwaka 1945 Obata alirudi Berkeley, akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 1954. Mwaka huo huo akapata uraia aliokuwa amenyimwa tangu ujana. Alifariki mwaka 1975. Serikali ya Marekani iliomba radhi kwa sheria mwaka 1988, ikawapa waliokuwa hai bado dola 20,000 kila mmoja. Obata hakuwapo kulisikia neno hilo.

Kwangu mimi, jambo kubwa katika habari hii ni ile shule. Dhuluma alitendewa, na radhi ilichelewa mno. Yeye hakungoja radhi ndipo afanye kazi. Alitazama watoto na wazee waliomzunguka, akawagawia ujuzi aliokuwa nao. Nasi vijijini mwetu wamo mafundi: mfinyanzi, msusi wa mikeka, mchonga vinyago. Kila mmoja na ajiulize jioni hii: Je, ujuzi wangu nimemfundisha nani?