Mpango wa masomo yetu uandikwe kwanza na sisi



Kila mwaka wa shule unapokaribia, maswali mawili huzuka katika vikundi vyetu. Yule aliyemaliza mwaka wa nane wa elimu ya msingi achague opsiyo gani? Na yule aliye katika mwaka wa mwisho wa sekondari ajitayarishe namna gani kwa Exetat? Zamani maswali hayo yalipelekwa kwa kaka au dada aliyetangulia, kwa mwalimu, pengine kwa padri wa parokia. Siku hizi wengi wetu huyapeleka kwanza kwenye simu, kwa programu za akili mnemba kama ChatGPT, iliyofunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa mwaka 2022. Kwa dakika moja tu, programu hiyo hutoa ratiba ya miezi mitatu, yenye saa, masomo na mazoezi.

Hatusemi kwamba jambo hilo ni baya. Kijana anayeishi mbali na maktaba amepata msaidizi. Anaweza kuomba fundisho la kemia lifafanuliwe mara tano bila kuchekwa na mtu, au aombe maswali ishirini ya kujipima kabla ya kulala. Msaada huo ni wa kweli, na tungekuwa watu wasio na haki kama tungeukataa kwa sababu tu ni mpya. Lakini tunaamini kwamba programu hiyo haifai kuwa ya kwanza kuulizwa, wala haifai kuwa na neno la mwisho.

Sababu ya kwanza ni namna inavyofanya kazi. Programu hizi zimefundishwa kwa maandishi mengi mno, nazo hutunga jibu kwa kukadiria ni neno gani lafaa kufuata lile lililotangulia. Maandishi hayo hayakutoka pande zote kwa kipimo kimoja. Yale ya Kifaransa kwa sehemu kubwa yaliandikwa Ulaya. Yale ya Kiswahili, Tanzania na Kenya. Basi kijana wa Bukavu au wa Lubumbashi akiuliza kwa Kifaransa bila kutaja nchi yake, anaweza kupangiwa matayarisho ya bakalorea ya Ufaransa. Akiuliza kwa Kiswahili, anaweza kupewa habari za kidato cha nne cha Tanzania. Jibu litakuwa limepangika vizuri, lakini litakuwa limemfaa mtoto wa nchi nyingine. Exetat yetu ina utaratibu wake: insha ya Kifaransa huandikwa mapema, kisha zinafuata siku nne za kikao cha kawaida, zenye maswali ya utamaduni wa jumla, ya sayansi, ya opsiyo na ya lugha. Ratiba isiyojua hayo humchosha mwanafunzi bure.

Hatari hiyo huongezeka tunapofika chuo kikuu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vyetu vilianza kuingia katika mfumo wa LMD. Neno “lisansi”, ambalo kwa wazazi wetu lilimaanisha miaka mitano, yaani mitatu ya graduva na miwili ya juu yake, sasa lamaanisha miaka mitatu. Programu inayochanganya maandishi ya zamani na ya sasa inaweza kumpa kijana hesabu ya miaka isiyo sahihi, na kwa hiyo hesabu ya minervali isiyo sahihi. Inaweza hata kumtajia fakulte isiyokuwepo katika chuo anachokitaka, kwa sauti ileile ya uhakika. Katika nyumba ambamo mama anauza ndizi ili mtoto mmoja asome, mwaka mmoja uliopotea katika fakulte isiyofaa huwa ni mwaka ambao mdogo wake atakaa nyumbani.

Sababu ya pili inahusu uamuzi wenyewe. Kuchagua masomo ni kuchagua namna ya kuwatumikia wengine, na uchaguzi huo wahitaji watu wanaotujua. Mwalimu aliyekuona ukiwaeleza wenzako hesabu kwa uvumilivu anajua jambo juu yako ambalo wewe mwenyewe hukulitia katika swali lako. Hati ya Vatikano iitwayo Antiqua et nova, iliyotolewa Januari 2025, inakumbusha kwamba kuwapo kwa mwalimu mbele ya mwanafunzi kunajenga uhusiano ambao akili mnemba haiwezi kuuleta. Sisi tunaoishi katika mashirika na vikundi tunalijua jambo hilo kwa maisha yetu.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kikundi kifuate njia hii. Kwanza, kila kijana aandike kwa mkono wake ukurasa mmoja: darasa lake, opsiyo yake, masomo yanayomshinda, kazi za nyumbani, saa ambazo umeme hupatikana, na pesa ambazo familia inaweza kutoa. Pili, ndipo programu iulizwe, ikiambiwa wazi kwamba tuko Kongo na tunatayarisha mtihani wa Kongo. Kwa kuwa si wote wenye simu au mega, simu moja iwatumikie watu watano. Majina ya watu, madeni na magonjwa ya nyumbani yasiandikwe humo. Tatu, jibu lisomwe mbele ya kikundi, na kila neno linalohusu chuo, ada au muda wa masomo lithibitishwe kwa mwalimu, kwa mkuu wa masomo, au katika ofisi ya chuo chenyewe. Nne, baada ya mwezi mmoja tukutane tena kuona ni nini kilichofuatwa na ni nini kilichoshindikana.

Njia hiyo ni ya polepole kuliko kubonyeza kitufe. Lakini ratiba iliyojadiliwa na wenzetu ina watu wa kutuuliza kesho yake kama tumeifuata.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Katika uchaguzi wetu wa masomo, tulimsikiliza nani kwanza, na kwa nini?
2. Ni nani katika parokia yetu aliyemaliza masomo tunayoyatamani, na tutamwalika lini?
3. Ni nani kati yetu asiye na simu, na tutafanya nini ili asibaki nyuma?